Simu ya Marehemu: Barua ya Wazi kwa Maimamu, Mapadri na Wachungaji wa Kasongo na Kabambare

Kwa masheikh na maimamu wa misikiti, mababa padri wa parokia na wachungaji wa makanisa yote, kutoka Kasongo hadi Nyangwe, kutoka Kabambare hadi Salamabila.

Nakala kwa wasimamizi wa teritwari zote mbili, wakuu wa sekta na masultani wa sheferi.



Wazee wangu, kuna swali ambalo kwetu halisahauliki penye jeneza. Kabla maiti haijabebwa, mmoja wenu au mkubwa wa familia husimama akauliza: nani anamdai marehemu? Mwenye dai hujitaja, mwana wa marehemu hulipokea deni mbele ya watu, na safari ya kaburini huanza. Waislamu wameliweka swali hilo katika utaratibu wenyewe wa mazishi; Wakristo nao nimewasikia wakiliuliza kwenye vilio vyao, kila familia kwa namna yake. Ninawaandikia kuwaomba muongeze swali la pili, na muanze kuliuliza mapema, mtu angali mzima: simu yako ina nini ndani, nani anajua, na umemkabidhi nani?

Nimeleta ombi hili kwenu kabla ya kulipeleka kwa mtu mwingine yeyote. Kampuni ya simu haijui kwamba mteja wake amekufa. Kwake ni namba iliyonyamaza tu. Ofisa wa eta sivili, mwenye daftari la vifo, naye hujua vile vifo ambavyo mtu amekuja kumwambia, na wengi hawaendi. Lakini hakuna anayezikwa Kasongo wala Kabambare bila mmoja wenu kuitwa. Mnajua nani amefariki, ameacha nani, na ndugu zake wanaelewana au hawaelewani. Mambo hayo hayajaandikwa katika kompyuta yoyote.

Tangu Novemba 2012, Vodacom ilipoleta M-Pesa Kongo, simu ya mkononi imekuwa benki ya watu ambao benki haijawahi kuwafikia. Leo M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ni majina ambayo hata mtoto anayetumwa dukani anayajua. Ndani ya simu kuna mifuko miwili, wa franka na wa dola. Mchimba dhahabu wa Salamabila hapendi kutembea na pesa mfukoni kwenye njia zenye vizuizi na bunduki. Anaiingiza kwenye simu katika kabini ya pesa iliyo karibu na shimo, anamtumia mama yake kiasi, inayobaki inalala humo humo. Mama anayeuza mchele na mafuta ya mawese anapokea bei ya magunia kutoka kwa mnunuzi ambaye hajawahi kumwona uso. Benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita Januari 2025, na za Bukavu Februari iliyofuata, jamaa zetu waliokuwa huko walibaki wakiishi kwa kile kilichoingia na kutoka kwenye simu. Kwa hiyo mtu akifa kwetu leo, sehemu ya mali yake, na pengine mali yake yote ya fedha, imo ndani ya kitu kinachotoshea kiganjani.

Na hicho ndicho kitu cha kwanza kutoweka. Sisemi ni wizi kila mara. Simu inahitajika kutangazia msiba, kwa kuwa majina yote ya jamaa yamo humo. Basi kijana anapewa apige, simu inazunguka kutoka mkono hadi mkono, chaji inaisha, na siku ya tatu hakuna anayekumbuka iliishia wapi. Mwingine anatoa kadi na kuitia kwenye simu yake. Mwingine anajaribu namba ya siri: mwaka wa kuzaliwa marehemu, mwaka wa kifungua mimba wake, moja mbili tatu nne, mpaka akaunti inajifunga. Na yuko yule anayeijua namba ya siri kweli, akatoa kila kitu usiku kabla ya mazishi, akaja asubuhi kulia pamoja na wengine. Baadaye familia inapokutana kugawa, salio ni sifuri, na macho yote yanamgeukia mjane. Mmesuluhisha magomvi ya namna hiyo mara nyingi kuliko mimi. Mmekuwa mkiitwa moto ukishawaka.

Sheria haina shaka juu ya pesa hizi. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987 kama ilivyorekebishwa Julai 2016, haibagui kati ya mali iliyo chini ya godoro na mali iliyo kwenye namba ya simu. Watoto wa marehemu, wa ndani ya ndoa, wa nje ambao aliwatambua akiwa hai, na aliowaasili kisheria, wana robo tatu. Robo inayobaki ni ya mjane au mgane, wazazi na ndugu wa marehemu. Kazi ya kusimamia mirathi isiyo na wasia sheria inampa mrithi mkubwa kwa umri, au, akijitoa, yule waliyemchagua warithi. Najua kwamba Waislamu wengi wa Kasongo hugawa kwa faraidhi, na ninyi masheikh ndio mnaopiga hesabu ya mafungu. Sitaki kuingia katika mjadala huo hapa. Mafungu yanatofautiana. Lakini si faraidhi wala Sheria ya Familia inayoweza kugawa kitu ambacho hakuna anayejua kwamba kipo.

Tuseme basi mrithi anajua. Akienda kudai, ataombwa karatasi: ya kifo, ya kuonyesha kwamba yeye ni mrithi, na kitambulisho chake. Kampuni ina haki ya kuziomba, maana isipoziomba tapeli yeyote atajifanya mtoto wa marehemu. Ila fikirieni njia ya kuzipata. Kifo kinaandikwa kwenye ofisi ya sekta au sheferi, na kijiji kinaweza kuwa mbali nayo mwendo wa siku nzima. Muda uliowekwa na sheria ukipita, ofisa hawezi tena kuandika hivi hivi. Lazima hukumu ya mahakama. Kisha ukiambiwa kwamba jambo lako linaamuliwa Kindu, makao makuu ya mkoa, kutoka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na anayetoka Kabambare lazima kwanza afike Kasongo. Wakati wa mvua mnaijua barabara hiyo. Kama kwenye simu zimebaki dola 30, nani atalipa pikipiki ya kwenda Kindu na kurudi kuzifuata?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika jambo hili. Tajiri akifa, warithi wake watafunga safari hata mara tatu, na wakili watampata. Dola 30 za mama wa kijijini hazina wakili. Ni mbegu ya msimu ujao, ni ada ya mtoto ya muhula mmoja, na zinabaki kwenye namba iliyonyamaza kwa sababu kuzifuata ni ghali kuliko kuziacha. Wenzetu wa Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa Machi 2007, walitunga sheria mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya kupokea mali zisizodaiwa, salio za simu zikiwemo, na jamaa wa marehemu anaweza kwenda kulitafuta jina lake. Ni hatua nzuri, na ningependa wabunge wetu waitazame. Lakini hata huko, asiyejua kwamba kulikuwa na kitu haendi kutafuta.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye vikundi vya akiba, kwa sababu hapo kifo cha mtu mmoja kinagusa nyumba ishirini kwa pigo moja. Mnavijua: likelemba za sokoni, na zile AVEC, vyama vya vijijini vya akiba na mikopo, ambazo mashirika yalizileta. AVEC ilikuja na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa wanawake watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne, na halikufunguliwa ila katika kikao, watu wote wakitazama na kuhesabu kwa sauti. Yeyote kati yao akifa, wengine walibaki na funguo zao, na kufuli moja ilikatwa mbele ya kikao. Ulikuwa ulinzi wa watu wasiokuwa na polisi wala benki, na ulifanya kazi.

Kisha usalama ukaharibika. Sanduku likawa hatari kwa anayelitunza, maana kila mwenye bunduki alijua kwamba mwisho wa mwaka linajaa. Vikundi vingi vikaamua kuihamishia pesa kwenye simu ya mweka hazina. Siwalaumu, usiku wa kukimbia mtu anaweza kukimbia na simu, sanduku huwezi. Ila kufuli tatu ziligeuka namba ya siri moja, iliyo katika kichwa cha mtu mmoja.

Mimi ni katibu wa kikundi cha namna hiyo. Mweka hazina wetu aliugua ghafla akafariki, na pesa ya wanachama wote ilikuwa kwenye namba yake, imebaki kidogo tufike siku ya kugawana. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini hakujua kipi ni cha mkewe na kipi ni chetu. Shemeji zake walisema kila kilicho kwenye simu ya marehemu ni cha marehemu, na cha marehemu ni cha familia. Sisi tulikuwa na daftari lenye fungu la kila mwanachama, wiki kwa wiki, na kila mmoja alikuwa ametia kidole. Imamu wa mtaa aliketi na pande zote mbili, akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, na shemeji wakakubali. Kwa hiyo ugomvi uliisha kwa heshima. Lakini namba ilikuwa imeshafungwa na watoto waliojaribu kubahatisha, na kule kwenye kampuni, ambayo siitaji, kila aliyepokea karatasi zetu aliomba karatasi nyingine. Pesa ilitoka mwishowe. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita, na wanawake wawili walikuwa wameshakopa kwa riba ili wapate mbegu.

Ninachowaomba kuhusu vikundi ni hiki, na hakina gharama. Kila kikundi kinachotunza pesa kwenye simu kiandike karatasi moja: namba ni hii, imesajiliwa kwa jina hili, na pesa ya kikundi iliyomo si mali ya mwenye simu. Mweka hazina atie sahihi, mumewe au mkewe atie sahihi, na nakala ikae msikitini au parokiani pamoja na daftari zenu za ndoa na ubatizo. Nimeona daftari za ubatizo zilizovuka vita mbili. Hakuna kabati ninaloliamini zaidi.

Sasa kuhusu jina lililo kwenye kadi ya simu. Wengi wetu hatukununua kadi dukani kwa utaratibu. Tulinunua kwa kijana aliyesimama njiani, na kama hukuwa na kadi ya uchaguzi siku hiyo, alitumia ya jirani, ya kaka, au ya mteja wa jana. Ukiwa hai hilo halikusumbui. Namba ya siri unayo, pesa inaingia na kutoka. Ukifa, karatasi ya kifo inasema jina lako, na kampuni inasema namba hiyo ni ya mtu mwingine aliye hai na hajui chochote. Mtoto wako atathibitisha vipi? Kosa hili linarekebishwa kwa urahisi mwenyewe akiwa hai, akaenda na kadi yake ya uchaguzi kuomba namba iandikwe jina lake. Akishakufa ni karibu haiwezekani. Likitajwa kwenye hotuba ya Ijumaa moja na misa ya Jumapili moja, litaokoa mali nyingi kuliko semina yoyote.

Tukiacha pesa, kuna mambo mengine ndani ya simu, na hapa nazungumza kwa uangalifu. Kuna picha. Kwa familia zilizokimbia mara mbili au tatu, picha za karatasi zilishaungua au kupotea, na za kwenye simu ndizo pekee zilizobaki. Kuna sauti: mama aliyekuwa akimwachia mwanawe ujumbe wa WhatsApp kila alfajiri, mwana yuko Kigoma au Bujumbura. Kuna orodha ya wadeni na wadai, maana siku hizi mtu haandiki daftarini, anaandika ujumbe: nimepokea, nitakulipa mwezi wa nane. Wakati mnauliza penye jeneza nani anamdai marehemu, ushahidi mara nyingi umelala kwenye simu iliyozimwa mfukoni mwa mpwa. Aya ya deni, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamuru deni liandikwe. Limeandikwa, wazee wangu, ila limeandikwa mahali ambapo hakuna anayeweza kulisoma.

Na kuna siri. Simu ya mtu ina mambo aliyomwambia daktari, aliyomwambia rafiki wakati wa hasira, na mengine aliyoyatubia kabla ya kufa. Hapa ndipo watu wengi wanapokataa wazo la kumwachia mtu simu, na wana haki ya kuogopa. Lakini tayari tunaye mtu anayetufundisha namna. Mwosha maiti huona mwili ambao hakuna mwingine aliyeuona, na akitoka hasemi alichokiona; akisema, hataitwa tena, na mbele ya Mungu ana hesabu. Anayekabidhiwa simu awe mtu wa namna hiyo, achaguliwe kwa kigezo hicho hicho, na ale kiapo hiki: ataweka wazi habari za pesa na madeni mbele ya mashahidi, atawapa watoto picha na sauti za mzazi wao, na mengine atayafunika. Ulaya wamelifikisha jambo hili mahakamani. Ujerumani, Julai 2018, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba wazazi wa binti aliyefariki mwaka 2012 wanarithi akaunti yake ya Facebook kama wanavyorithi barua zake. Waliisubiri hukumu kwa miaka. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Oktoba 2016, inamruhusu mtu kuacha maagizo juu ya yale anayoyaacha kwenye intaneti. Sisi tunaweza kutumia amana, jambo ambalo kila mzee wa mkoa wetu wa Maniema analielewa bila kufafanuliwa.

Kuna muda pia, na muda huu unawahusu wajane wa Kiislamu kwa namna ambayo huenda haikuwahi kuwafikia masikioni. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti ambayo haijaingia kwenye intaneti kwa siku 120. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mjane anayeifunga simu ya mumewe sandukuni kwa heshima, akikusudia kuifungua eda ikiisha, anakuja kuifungua wakati akaunti imeshafikia mwisho wake. Yaliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe yanabaki, lakini simu ikiwa imeharibika au kuuzwa, hakuna pa kuyafuata. Kadi nayo ikikaa kimya muda mrefu, kampuni huichukua namba na kumuuzia mtu mwingine, na siku moja shangazi aliye Kalemie anapiga namba ya marehemu na kupokelewa na sauti ya mgeni. Simu ya marehemu isizimwe na kufichwa. Itiwe chaji, kadi isitolewe, ikae kwa aliyekabidhiwa.

Google wao wana njia ambayo tangu mwaka 2013 mtu anaweza kuiweka mwenyewe: anachagua kwamba akinyamaza miezi mitatu, sita, kumi na miwili au kumi na minane, watu aliowataja, hadi kumi, wapelekewe taarifa na yale aliyoruhusu. Asipoweka chochote, akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na picha zake. Facebook inamruhusu mtu kumtaja atakayeutunza ukurasa wake baada ya kifo, bila kumpa ruhusa ya kusoma ujumbe wake, au kuagiza ukurasa ufutwe; na jamaa wakipeleka uthibitisho wa kifo, ukurasa unageuzwa wa kumbukumbu, hivyo tapeli hawezi tena kuingia humo na kuomba pesa kwa jina la marehemu. Vijana wenu wa kwaya na wa madrasa wanaweza kuyafanya haya kwa dakika chache. Kuna kikwazo kimoja cha kwetu: wengi akaunti yao ya Google ilifunguliwa na muuza simu siku waliponunua, kwa anwani aliyoitunga yeye na neno la siri analolijua yeye. Mtu wa namna hiyo hana akaunti, ameazima. Vijana waanzie hapo.

Kuhusu wasia wenyewe, sheria yetu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Inakubali wasia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukatiwa tarehe na sahihi. Inakubali wasia uliofanywa mbele ya notari au mbele ya ofisa wa eta sivili wa mahali mtu anapoishi. Inakubali pia wasia wa mdomo, lakini kwa aliye katika hatari ya kufa tu, mbele ya mashahidi watu wazima wasiopungua wawili. Kwa hiyo asiyejua kuandika hahitaji kusubiri kitanda cha mauti. Aende kwa ofisa akiwa na afya. Na hata asiyetaka kuandika wasia wa kugawa mali, naye aache orodha. Orodha haigawi kitu. Inasema tu: nina namba hizi, kila moja imeandikwa jina hili, nina akaunti hizi, nawadai hawa, wananidai hawa, pesa ya kikundi ni hii, simu apewe fulani. Masheikh mnaelewa kwamba hili halipingani na faraidhi wala haligusi theluthi ya wasia.

Namba ya siri isiandikwe kwenye orodha hiyo. Nasisitiza, kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wanalotaka kufanya. Karatasi yenye namba ya siri ni pesa iliyoachwa wazi, na pia ni hatari kwa aliyepewa, maana kitu chochote kikipungua atashukiwa yeye. Pesa ya marehemu idaiwe kwa jina la warithi na kwa karatasi, hata kama ni polepole.

Najua mtakachoambiwa mkianza. Mtu ataogopa kwamba kuandika wasia ni kujiitia kifo. Mwingine ataogopa zaidi kwamba mke akijua kilichomo, siku mume akifa shemeji watasema alimwua kwa sababu alijua. Tuhuma za sumu na uchawi kwetu si maneno ya kupuuza; zimevunja nyumba na zimeua watu. Ndiyo maana nasema orodha ikae kwenu, katika bahasha iliyofungwa, na familia ijue tu kwamba ipo. Hapo hakuna wa kumtuhumu. Na wazee wetu wengi wa Kiislamu hununua sanda yao wakiwa hai na kuiweka kabatini, na hakuna aliyesema wamejiitia kifo.

Kwa wakuu wa sekta, masultani na wasimamizi wa teritwari, mnaosoma nakala hii, nina mambo mawili. Ninyi wakuu wa sekta na masultani ndio maofisa wa eta sivili: pangeni siku moja kila mwezi daftari la vifo lisogee hadi kwenye misikiti na parokia za mbali, ili kifo kiandikwe muda haujapita na mjane asifike mahakamani bure. Na ninyi wasimamizi, ziiteni kampuni za simu zenye minara katika teritwari zenu, muziombe kwamba salio dogo la marehemu lishughulikiwe hapa hapa Kasongo, kwa karatasi ya kifo ya sekta na mashahidi wanaojulikana, bila kumpeleka mtu Kindu. Zinapokea ada pesa inapotumwa na kutolewa. Kazi hii ni sehemu ya huduma hiyo.

Masheikh, mababa, wachungaji: walimu wenzangu kadhaa wamekubali kushiriki. Tuko tayari kuanza Jumamosi yoyote mtakayotupa baada ya sala ya Ijumaa na kabla ya misa ya Jumapili, kwanza mjini Kasongo, kisha kuelekea Kabambare kadiri barabara itakavyoruhusu. Tutawasaidia watu kukagua namba zao zimeandikwa jina gani, tutawaelekeza wanaojua kuandika, na tutawasindikiza wasiojua hadi kwa ofisa. Daftari, kalamu na bahasha tutaleta. Kwenu tunaomba tangazo, meza moja, kabati lenye kufuli, na mzee mmoja wenu awe amekaa nasi siku nzima, kwa sababu watu hawataniambia mimi mambo ya mali yao, lakini kwenu watasema.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu na katibu wa kikundi cha akiba, Kasongo